Chuo kikuu kilikuja kutupimia hewa na maji mtaani, nyota tatu na nusu

Kwanza wacha niseme sikulipa ata shilingi. Hii huduma ni ya bure na hapo ndio shida huanzia, ju kitu ya bure hakuna mtu hukuuliza kama umeridhika. Unga ukiwa na wadudu narudisha dukani. Sasa chuo kikuu kikikuja kwenu kikae miaka miwili, kipime, kiulize, kipige picha alafu kiende, utakirudisha wapi? Basi mimi narudishia hapa.

Napika chapati na maharagwe huku Viwandani, mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, si mbali na barabara ya Lungalunga, upande wa kuteremkia mto Ngong. Nimekaa hapa tangu kitinda mimba wangu akiwa mgongoni na sai yuko fomu tatu, kwa hivyo nikiongea juu ya hewa ya hapa siongei ya kuambiwa. Mbele una kampuni za Inda, yaani Industrial Area, nyuma una mto wenye mvua ikinyesha unaingia kwa nyumba bila kubisha, katikati tuko sisi. Watafiti tumewazoea venye tumezoea watu wa kuhubiri, wanakuja wawili wawili wamebeba makaratasi, wanauliza una watoto wangapi na choo unatumia ya wapi, unawajibu, wanasema asante mama, na hutawahi waona tena. Kuna mwaka niliulizwa kuhusu choo na vikundi vitatu tofauti na choo ilikuwa ile ile, imejaa vile vile.

Chuo sitakitaja. Si eti naogopa, ni vile kuna mahali nitalalamika na sitaki kijana wa watu aharibikiwe na masomo ju ya maneno yangu. Ni cha hapa Kenya, kilikuwa kimeshikana na kingine cha ng'ambo, na hio kitu yao ilikuwa inaitwa ushirikiano wa chuo na jamii kwa haki ya mazingira, jina refu kuliko foleni ya maji. Baraza ya kwanza ilikuwa kanisani, soda zikatolewa, chifu akakaa mbele na wazee wa kijiji kando yake, lekchara mmoja akasimama akaanza kutueleza haki ya mazingira ilitoka wapi. Akasema 1982 huko Marekani, kaunti inaitwa Warren, jimbo la North Carolina, serikali ilitaka kuzika udongo wenye sumu ya PCB mahali wengi waliokaa ni watu weusi na maskini, wakalala barabarani mbele ya malori, zaidi ya watu 500 wakashikwa, na udongo ukazikwa tu. Alafu akauliza nani anaweza kumpa mfano wa hapa Nairobi. Wamama wakaanza kucheka. Dampo iko Dandora, haiko Muthaiga, hio tunajua bila projekta.

Lakini kwa hio ya Dandora alisema kitu ikanikaa. Dampo ilianza 1975. Kufika 2001 ikasemekana imejaa. 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Gigiri, wakatoa utafiti, watoto 328 walipimwa na nusu yao damu ilikuwa na madini ya risasi kupita kiwango (risasi ya betri na rangi, sio ya bunduki, jirani yangu alishtuka). Sasa hesabu ni miaka mingapi imepita na malori bado yanaingia. Nikajiambia kumbe unaweza kumpima mtoto damu, upate sumu, uandike kitabu, na takataka iendelee kumwagwa. Kwa hivyo toka siku ya kwanza nilikuwa nawaangalia na jicho moja tu: mkishapima, alafu?

Na lazima niseme ukweli wa upande ule mwingine, ju Mukuru tumewahi kuona hii kitu ikifanywa vizuri. 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na hapa kwetu Viwandani, nyumba kama laki moja hivi. Kabla ya hapo Muungano wa Wanavijiji, yaani muungano wa watu wa mitaa ya mabanda, na wenzao, pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Berkeley ya kule California, walikuwa wamekaa wakihesabu maji tunanunua pesa ngapi, stima pesa ngapi, choo pesa ngapi, na ardhi iko kwa jina la nani. Wakaonyesha kwa namba kitu tulikuwa tunajua kwa mfuko, kwamba maskini hulipa zaidi ndio apate kitu mbaya zaidi. Fanya hesabu mwenyewe. Mtungi wa lita 20 ukiwa shilingi 5, lita elfu moja ni mitungi 50, hio ni 250. Siku maji imepotea mtungi unafika 20, hio ni thao moja kwa maji ile ile, na mtu wa mtaa wenye mita hafikishi hapo. Tukapangwa kwa vikundi vya nyumba kumi kumi kila mtu aseme yake, na baadaye wakati wa NMS, ile ofisi iliyochukua kazi zingine za kaunti ya Nairobi, barabara zingine zikawekwa lami na mabomba yakaanza kuingia. Haikumaliza kila kitu, 2021 kwa Njenga maelfu walibomolewa, na 2024 baada ya mafuriko watu wa kando ya mto wakabomolewa kwa hio mambo ya kutojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni, karatasi haikuzuia tingatinga. Lakini ilikuwa karatasi yenye sisi wenyewe tuko ndani. Chuo kingine kikikuja nakipima na hio.

Sasa hawa wetu. Tuanze na fomu ya kukubali utafiti, ju ndio mlango. Kurasa nne, Kizungu kitupu, maandishi ya sisimizi. Nikamuuliza msichana aliyekuwa nazo, mwanangu, hapa nimekubali nini? Akasema mama hii ni ya kuonyesha tu hujalazimishwa. Nikamwambia kama mimi mwenyewe sijui nimekubali nini wewe utajuaje sijalazimishwa? Akacheka, nikacheka, nikaweka sahihi, ndio ujinga wetu huo. Baadaye ndio nikajua mtu anayefanya utafiti Kenya anafaa kuwa na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya mambo ya sayansi, pia anafaa kuwa amepitishwa na kamati ya maadili, na hio fomu inafaa kuwa kwa lugha unaelewa na iwe na namba ya kupigia ukiwa na malalamiko. Namba ilikuwepo. Ilikuwa ya ofisi, ukipiga saa saba wako lanchi ukipiga saa kumi wameenda. Kwa fomu nawapa nyota moja, na hio moja ni ya msichana kukubali kucheka.

Hewa sasa. Hapa wacha nikae kidogo.

Walileta vimashine vya aina mbili. Vingine vilikuwa vya kubebwa kwa begi, vijana kumi wa mtaa wakapewa watembee navyo siku nzima, kwa kibarua, kwa ploti, hadi wakilala. Vingine vilikuwa vya kufungwa mahali, na kimoja kikafungwa kwa mabati ya kioski hatua chache kutoka kwa kibanda changu. Kina feni ndogo ndani inavuta hewa, taa ya leza inapiga vumbi, na kwa vile taa inatawanyika kinahesabu. Vumbi wanalotafuta ni lile dogo wanaita PM2.5, dogo hivi kwamba unywele mmoja ukiupasua kwa upana unaweza toa vipande karibu thelathini ndio ufikie, ndio maana halizuiliwi na pua, linaingia mapafuni na linaendelea hadi kwa damu. Shirika la Afya Duniani zamani lilisema kwa mwaka mzima wastani usipite maikrogramu 10 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, 2021 wakashusha hadi 5. Kijana mmoja wa digrii ya pili, ndio yule nitamrudia, alinieleza hivi nikikanda unga na sikupoteza ata chapati moja, kwa hivyo anajua kueleza.

Sisi wote tulikuwa tunangoja kitu moja. Kuna kampuni hapo nyuma ya ukuta, nayo siitaji, usiku inatoanga harufu inakuamsha macho yakiwasha na watoto wakikohoa. Tulisema hawa wasomi wakipima tu, imekwisha hio kampuni. Basi siku ya kusomewa matokeo ikafika, kanisa ikajaa, grafu ikawekwa ukutani, na mistari inapanda kama mlima alfajiri watu wakiwasha jiko na jioni kuanzia saa kumi na mbili, na pahali palipopanda kuliko kote, nyinyi, ni kando ya kibanda changu. Mimi. Makaa yangu. Watu waligeuka wakaniangalia kama wameniona nikiiba sadaka.

Mzee mmoja akasimama akiwa na hasira, akauliza, kwa hivyo mmetoka chuo mkakuja kutuambia tunajiua wenyewe? Kanisa ikawa moto. Lekchara akaanza kujibu na maneno makubwa, nikaona tunaenda kupotezana hapo. Ndio yule kijana akaomba maikrofoni. Akasema mzee shikamoo, swali lako ni la haki. Akasema kwanza hiki kimashine kinahesabu vumbi na moshi tu, hakina pua, hio harufu ya usiku inaweza kuwa gesi na mvuke wa kemikali na kimashine hakiioni kabisa, kwa hivyo msikubali mtu aje aseme namba imeonyesha kampuni ni safi, ju namba haijaulizwa hilo swali. Pili akasema alfajiri kukiwa na umande kimashine hudanganyika kinaona matone ya maji kama vumbi, ndio maana vingine walikuwa wameviweka kwanza kando ya mashine kubwa ya bei ghali walinganishe wajue kinapotoka na kiasi gani. Tatu, na hapa ndio mzee alikaa, akasema mama wa chapati anawasha makaa ju gesi kujaza ni pesa ya mara moja na hana, na hapo kando takataka zinachomwa ju hakuna lori hukuja kuzichukua, kwa hivyo moshi ni wa mama lakini sababu yake sio ya mama. Sijawahi tetewa hivyo mbele ya watu, ata kwa ndoa yangu.

Nikaenda nyumbani nikawaza. Nikamwita fundi wa jua kali akanitengenezea bomba la moshi la mabati linalopita juu ya paa, nikageuza jiko lisielekee mlango wa kioski. Kimashine kikashuka. Kijana aliniletea grafu yangu mimi peke yangu imechapishwa, iko hapa ukutani na mafuta ya chapati juu yake. Kwa hio ya hewa wangepata nyota nne. Nimetoa moja ju kile kitu tulitaka kupimiwa zaidi, harufu ya usiku, walisema vifaa vya gesi havikuwa kwa bajeti, na bajeti iliandikwa kabla hawajawahi kukanyaga huku. Hapo ndio ubaya wa hii biashara yao. Wanakuja na swali kwa begi. Kijana aliniambia Uholanzi miaka ya sabini vyuo vilianzisha kitu wanaita duka la sayansi, raia anaingia na swali lake anapewa mwanafunzi wa kulitafutia jibu. Mimi nikasikia duka nikapenda. Unaingia unaagiza, sio mwenye duka anakuja kwako anakulisha kile amepika.

Maji ndio walifanya vizuri zaidi ingawa walianza vibaya hadi aibu. Sisi kila masika watoto wanaendesha. Wakatupea chupa zimechemshwa na kufungwa, wakatufundisha kuchukua maji bila kugusa mdomo wa chupa, unasafisha bomba kwanza, unaacha maji ikimbie kidogo, unajaza, unaweka kwa kisanduku chenye barafu na inafaa ifike maabara siku hio hio ju bakteria hawakungoji, wanakufa ama wanazaana na jibu linakuwa la uongo. Sawa. Ijumaa moja tumechukua, boda imebeba, imekwama kwa jam ya Jogoo Road, kufika huko askari wa geti anasema maabara imefungwa rudini Jumatatu. Maji ya mabomba yote tuliyozunguka tangu saa kumi na mbili asubuhi ikamwagwa kwa maua ya chuo. Boda tukalipa sisi. Hio fea sijarudishiwa mpaka leo na nimeiandika.

Raundi ya pili ikafika vizuri. Kiwango cha maji ya kunywa ni rahisi kukumbuka, kwa mililita 100 ile bakteria inaitwa E. koli inafaa kuwa sufuri, sio kidogo, sufuri, ju ikiwepo maana yake ni kuna mavi mahali, na niseme hivyo ju wao walikuwa wanasema "uchafuzi wa kinyesi" na wamama nyuma wanaulizana ni nini hio. Ile bomba tunachotea wengi ilikuwa nayo. Lakini kwa kioski kingine karibu kabisa haikuwa nayo, na laini kuu ni moja. Sasa?

Sasa wakafanya kitu ya maana. Vijana wetu na wanafunzi wakatembea na simu wakifuata kila paipu kutoka kwa kioski kurudi nyuma hadi laini kuu, wakichora ramani wakienda, kama vile ile ramani ya matatu ya 2014 ilivyofanywa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakipanda matatu na simu mkononi wakisaidiana na MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, ikatolewa bure kila mtu aitumie. Paipu yetu wakaipata imelala ndani ya mtaro wa suweji, na pahali imeunganishwa imefungwa na mpira wa tairi. Kijana akaeleza, bomba ikiwa na presha inatoa, ikikosa presha inanyonya. Nairobi maji ni ya mgao, siku ya kufungwa paipu inabaki tupu na inavuta chochote iko nje yake kwa kila ufa, siku maji ikirudi ya kwanza kabisa kuja kwa mtungi wako ni ile ilinyonywa. Jamani. Hapa kwetu wamama tangu zamani tulikuwa tunasema maji ikirudi mwaga ndoo mbili za kwanza, watu wakituona wachoyo kwa maji na wajinga kwa kumwaga. Kumbe tulikuwa maabara.

Na kitu nilipenda, kwa ramani hawakuandika jina la mwenye bomba, waliweka namba. Mtu wa nje hawezi jua maana yake lakini huku mtu akiandikwa jina kwamba anauzia watu mavi anaweza amka kioski kimechomwa. Wenye bomba wakaitwa pembeni kwanza kabla ya baraza, wakaonyeshwa, wakanung'unika wiki mbili hivi, alafu wakachanga na chama chetu tukaweka nguzo paipu ikapita juu ya mtaro. Wakapima tena ile yetu. Sufuri. Sijui zingine za kule chini, huko hawakufika. Nyota tano, na boda nitaisamehe kwa hii tu, ingawa pesa bado nataka.

Upande wa sheria nao. Walileta wanafunzi wa sheria siku mbili, na hio siku mbili ilinisaidia kuliko mwaka mzima wa semina zingine. Katiba kifungu cha 42, kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Hio nilikuwa nimewahi sikia. Yenye sikuwa nimesikia ni kifungu cha 70, kwamba unaweza kwenda kortini kuitetea hio haki na hulazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu tayari ameumia ama amepata hasara. Rudia kusoma hapo. Miaka yote tunaambiwa leteni cheti cha daktari kwanza. Wakatutolea mfano wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichomwagia watu sumu ya risasi, 2020 korti ikawapa bilioni 1.3, 2023 Korti ya Rufaa ikawanyang'anya, Desemba 2024 Korti ya Juu ikawarudishia. Na ukiangalia, wale walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo mkononi. Kwa hivyo kupima kunaweza fika mahali, lakini angalia hio ni safari ya miaka mingapi na ni watu wa mtaa ndio walivuta.

Sisi tukaandika barua kuhusu harufu ya usiku. Kwanza tuliandika kama chama, tukapeleka kwa ofisi moja ya serikali, wakapiga mhuri wa kupokea na ikalala miezi. Alafu lekchara akaiandika upya na letahedi ya chuo, maneno yale yale karibu yote, jibu likakuja kabla wiki kuisha. Nilifurahi na nikaudhika kwa wakati mmoja, sijui kama inaeleweka. Yaani pua zetu elfu ngapi hazitoshi lakini karatasi moja yenye nembo inatosha. Ofisa akatumwa. Akakuja saa tano mchana, jua kali, hakuna harufu, akaandika hakuna harufu. Tukamwambia rudi saa nane usiku akasema usalama. Hio kesi iko hapo hapo.

Vitu vya kulalamika haraka haraka: alawansi ya wale vijana kumi ilichelewa hadi wawili wakarudisha begi wakaenda mjengo. Mkutano wa kufunga mwaka ukafanywa kwa hoteli mjini, viti vyetu vitano tu, wengine wote wana beji, na mada ya siku ilikuwa sauti ya jamii. Na picha. Binti yangu akiteka maji alionekana kwa bango la mkutano wa ng'ambo, jirani mwenye mtoto huko ndio alinitumia kwa simu, mtoto wangu amesimama na mtungi chini ya maneno ya Kizungu. Hakuna mtu aliniuliza. Sheria ya kulinda data ni ya 2019 na kwa mtoto lazima mzazi akubali, nikawapigia (sio saa saba), nikawaambia kifungu sikijui lakini sheria naijua. Wakaitoa, wakaomba msamaha kwa barua pepe. Mimi sina barua pepe, wakatumia ya binti yangu huyo huyo.

Sasa ripoti. Ilikuja mwaka na zaidi baada ya kupima, PDF, Kizungu, ndefu hadi simu yangu ilikataa kuifungua. Asante nyingi kwa jamii ya Viwandani kwa ukurasa wa pili. Kama wangeishia hapo hii rivyu ingekuwa ya nyota mbili na ningeenda kulala. Lakini yule kijana, na nasikia si kazi aliyotumwa, alikuja Jumamosi moja na karatasi kubwa zimeandikwa Kiswahili, mchoro wa paipu, mchoro wa moshi kwa saa, na chini: tulichokipima, tusichokipima, nani wa kuuliza. Alizibandika kwa bomba, kwa msikiti, kwa kinyozi na kwa kioski, akakaa hapo mpaka jioni akijibu maswali ya walevi pia. Kwa kinyozi bado iko. Watu wanaisoma wakinyolewa ju hakuna kitu ingine ya kusoma, na mimi nimesikia mtu akimweleza mwenzake mambo ya presha na kunyonya kama mwenye amesomea. Nusu nyota ni yake huyo kijana, chuo msijigawie.

Wamerudi tena mwezi uliopita wanataka awamu ya pili. Walikuja na soda. Tukakunywa, alafu tukawapa karatasi yetu, moja tu, Kiswahili: fomu iwe kwa lugha yetu, swali la kwanza liwe harufu ya usiku na kifaa cha gesi kiwe ndani ya bajeti, watu wawili wa mtaa wakae pale bajeti inaandikwa, vijana walipwe kila mwisho wa wiki, namba zote zije kwetu kabla hazijaenda ng'ambo, na fea ya boda. Lekchara aliisoma mara mbili akasema ya bajeti itabidi aulize wenye pesa. Nikamwambia uliza mwanangu, sisi tuko hapa hapa hatuendi mahali.

Kimashine bado kimefungwa kwa mabati ya kioski. Pesa za mradi zilipoisha kilizima, tukachanga, bando ya mwezi huu tumelipa sisi, na mwenye kioski ndio ananiitanga akiona namba imepanda, "mathe, punguza makaa."